Herufi Nene za Mviringo

Apitaye njia ya Bukoba kwenda Muleba huona juu ya milango ya maduka herufi nene zisizo na vijimkia, ambazo o yake ni duara kamili kama iliyochorwa kwa bikari, na ncha zake zimeviringwa kama ncha ya kidole.

Asili yake ni Ujerumani. Mwaka 1927 Paul Renner alitoa herufi ziitwazo Futura, alizozijenga kwa duara, mraba na pembetatu; nazo zilipendwa hata zikaandikwa katika kibao cha chuma ambacho Wamarekani walikiacha mwezini mwaka 1969. Kisha mwaka 1979 kampuni ya magari ya Volkswagen ilipata herufi zake, VAG Rounded, zenye ncha za mviringo. Leo jamaa zake zimo katika kompyuta za wachapaji wa mabango.

Yafaa kuzisifu kwanza. Kwa jina fupi sioni zizipitazo: aliye ndani ya basi hulisoma jina la duka kabla gari halijapita, tena zina uso wa uchangamfu kama mwenye duka akaribishaye wageni.

Walakini unene una hasara yake. Herufi ikinenepa, rangi hula nafasi iliyo tumboni mwake. Katika Futura a ndogo ni duara lenye fimbo ubavuni, kama ile tuwafundishayo watoto wa darasa la kwanza. Kwa kalamu ya mtoto fimbo yaonekana. Ikinenepeshwa huzama katika duara, na a hukaribia kuwa o. Basi sisi tutasomaje? “Choo” na “chao”, “bora” na “bara”, hutengwa kwa vokali moja tu. Na Kihaya huanza majina mengi kwa o, a na e: omuntu, abantu, ekintu, nazo ndizo herufi zenye umbo la duara! Hata jina la Ilemera, kule Muleba, huanza kwa fimbo mbili zilizo karibu sawa, I kubwa na l ndogo.

Nimeona bango la duka moja la dawa, maelezo yote ya kumeza vidonge yameandikwa kwa herufi hizo, yamebanana kama ndizi katika mkungu. Wazee wawili walilisoma neno kwa neno, kisha wakaliacha, wakamwuliza muuzaji. Je, asingekuwapo? Herufi zilizoumbwa kuita watu kutoka mbali zilipewa kazi ya kueleza kipimo cha dawa, nazo haziiwezi. Jina la duka lingebaki nene vivyo hivyo, na maelezo yakaandikwa kwa herufi nyembamba, zenye a iliyoinamishwa kichwa juu ya tumbo lake, kama ile ya vitabuni.

Mwenye duka atakaye bango jipya na amwombe fundi amwandikie kwanza “choo”, “chao” na “Ilemera”, kisha arudi nyuma hatua ishirini atazame.