Ukingo wa Riale

Kuna mama hapa Nyakuron, Juba, anayevaa riale ya Maria Theresa kama kidani. Sonara ameiunga kipete juu ya ushungi wa malkia, na kwa kuguswaguswa miaka mingi pua na shavu vimesagika. Ukingo, hata hivyo, bado unasomeka, na huko ndiko ufundi ulikojificha.

Malkia huyo wa Austria alifariki Novemba 1780. Riale yake iliendelea kupigwa Vienna, Milan, Roma, London, Paris, hata Bombay, na zote ziliandikwa 1780, kwa sababu wafanyabiashara wa Habeshi, Sudan na Bahari ya Shamu hawakutaka sura nyingine.

Mchongaji wa muhuri wa kupigia sarafu alifanya kazi yake kinyume. Palipotakiwa kuchomoza kwenye fedha, yeye alichimba chuma. Cha kulia alikiweka kushoto. Hivyo ndivyo alivyopata mikunjo ya ushungi, tai wa vichwa viwili mwenye manyoya yanayohesabika, na kile kipini cha begani chenye lulu ndogo kuliko punje za mtama. Wapokeaji walizihesabu lulu hizo, na zisipotimia, riale ilirudishwa kwa mwenyewe. Sijui mchoraji gani wa leo ana watazamaji wakali namna hiyo!

Riale ina uzito wa gramu 28 na ushei, na katika kila sehemu 1000, 833 ni fedha safi. Kwa hiyo mwizi mwerevu hakuhitaji kuiba sarafu nzima: alipitisha tupa ukingoni, akakusanya vumbi, akaitumia kulipia kama kawaida. Mafundi wakamzibia njia kwa maneno ya Kilatini yaliyochomoza kuuzunguka ukingo, IUSTITIA ET CLEMENTIA, yaani haki na huruma. Tupa ikigusa tu, herufi zinakatika na wizi unaonekana.

Linganisha na sarafu za Omdurman. Mahdi, kiongozi wa uasi wa Sudan, alianza kupiga za fedha nzuri mwaka 1885. Chini ya mrithi wake, Khalifa, ambaye askari wake walikaa Rejaf, jirani na Juba, hadi 1897, fedha ilipunguzwa mpaka ikabaki shaba iliyopakwa weupe. Hati ya Kiarabu ya sarafu hizo inapendeza kweli, lakini hati nzuri juu ya shaba haikumdanganya mchuuzi.

Vienna wanaipiga riale ya 1780 hadi leo. Ukiletewa moja sokoni, uso uache kwanza. Zungusha kidole ukingoni.