Kiurhobo na Ufundi wa Kinywa

Agbarho ni mji wa Waurhobo ulio karibu na Warri, katika Jimbo la Delta nchini Nigeria. Jina lake ni fupi, lakini kulitamka sawasawa ni kazi ya fundi. Kwenye gb, midomo hufungwa na nyuma ya ulimi huinuka kwa wakati mmoja, kisha vyote viwili huachia pamoja. Anayetanguliza g ndipo aifuatishe b ameshatamka kitu kingine. Halafu inakuja rh, yaani r isiyo na mghuno: ulimi unafanya kazi yake yote, koo limenyamaza, pumzi tu ndiyo inayosikika.

Rh hiyo haikuonekana katika maandishi ya Waingereza waliotawala huko: waliwaandika wenyeji “Sobo”. Waurhobo walilipinga jina hilo, Mukoro Mowoe akiwa miongoni mwa viongozi wao, hadi serikali ilipokubali “Urhobo” mwaka 1938.

Chukua pia Ughievwen, jina la ufalme mmojawapo wa Waurhobo. Gh yake ni kama ya ghali. Kwenye vw, meno ya juu huukaribia mdomo wa chini bila kuubana, na sauti ikatua kati ya v na w. Mtoto aliyelelewa katika lugha hii huyapima haya yote bila kufikiri.

Irabu ni saba: tano tunazozijua sisi, pamoja na ẹ na ọ, ambazo kinywa huzifungulia zaidi. Mwanaisimu Ben Elugbe, aliyelinganisha lugha za jamii ya Kiedo, Kiurhobo kikiwemo, alikadiria kwamba lugha mama yao ilikuwa na irabu kumi. Kiurhobo kimepunguza irabu, lakini konsonanti za kale kimezitunza vizuri.

Juu ya yote hayo kuna toni. Katika Kiswahili mkazo una mahali pake, silabi ya pili kutoka mwisho. Katika Kiurhobo kila silabi hupanda au kushuka kwa zamu yake, na maana hutegemea hilo. Ndiyo maana nawastahi sana watunzi wa udje, nyimbo za ngoma ambazo vijiji hasimu vilishindana kwazo kwa maneno makali. Mtunzi alitafuta tusi lenye kuchoma na muziki wenye kuchezeka, huku lugha ikiwa imeshampangia toni za maneno yake.

Basi nukta zilizo chini ya ẹ na ọ, ambazo mara nyingi huachwa, ziandikwe. Zinalinda tofauti ambazo vinywa vimezitunza kwa vizazi vingi.