Kazi ya Kumfikisha Mgeni Jukwaani

Mpiga kora, ala ya nyuzi iliyotengenezwa kwa kibuyu, anayetoka Afrika Magharibi kuja kupiga Ngome Kongwe, Unguja, hubadilisha ndege Addis Ababa au Nairobi na kufika amechoka hoi. Kibuyu cha kora kikipasuka njiani, hakuna duka mjini litakalomuuzia kingine. Akisahau kadi ya chanjo ya homa ya manjano, safari yaweza kuishia uwanja wa ndege. Yupo mtu aliyeyawaza hayo yote miezi kabla, na ndiye ninayemsifu hapa: mwandaaji wa maonyesho.

Tamasha la muziki la Sauti za Busara, la hapo Unguja, lilianza 2004, likiandaliwa na Busara Promotions chini ya Yusuf Mahmoud, na tangu mwanzo lilishikilia kwamba muziki upigwe laivu. Wakati huo wasanii wengi wa kizazi kipya walipanda jukwaani na CD, wakaimba juu ya sauti zao wenyewe. Kumleta mwimbaji wa namna hiyo ni rahisi, maana ni nauli moja na kitanda kimoja. Bendi ya watu 8 inataka nauli 8, vitanda 8, chakula cha watu wanaokula saa saba usiku, na nyaya zisizokwisha. Anayeuchagua mzigo huo kwa hiari namheshimu kuliko anayeleta majina makubwa.

Halafu kuna mahali penyewe. Ngome Kongwe ilijengwa na Waomani baada ya Wareno kuondolewa mwishoni mwa karne ya 17, na aliyezipanga zile kuta hakuwa akifikiria gitaa la besi. Mawe hurudisha sauti, na fundi mitambo anayeanza kwa pupa husikia muziki ukimrudia umevurugika. Hewa ya bahari hulegeza ngozi za ngoma, kwa hiyo mwandaaji mjuzi hutenga pembe ya kuwashia moto ili wapigaji wapashe ngoma zao. Na ratiba ya Unguja isiyoacha nafasi ya adhana imeandikwa na mtu asiyeujua mji.

Lakini ufundi wenyewe, kwa maoni yangu, umo katika kupanga nani amfuate nani. Taarabu ya fidla na kanuni inataka sikio lililotulia. Ukiitanguliza dansi yenye matarumbeta ya kutikisa kuta, utakuwa umeiua taarabu kabla haijaanza. Ukiipa taarabu jioni mapema, watu wangali wanaketi na kusalimiana, itawashika polepole, na mgeni wa baadaye atakuta hadhira iliyokwisha kufunguka. Bi Kidude, mwimbaji mkongwe wa taarabu, alipopanda jukwaa lile na ngoma yake, mbele yake walikuwamo vijana ambao huenda walikuja kwa ajili ya bongo fleva. Mtu alipaswa kuamua kwamba bibi yule na vijana wale wakutane usiku mmoja. Uamuzi wa aina hiyo hauonekani kwenye tangazo lolote, nao ni sanaa kamili.

Fedha ndizo zinazomtesa mwandaaji. Kwenye tamasha hili Mtanzania hulipa kiingilio pungufu ya mgeni wa ng'ambo, jambo ninaloliunga mkono kwa moyo wote, kwa sababu ngome iliyojaa watalii peke yao ingekuwa imewafungia mlango wenye nyimbo. Lakini mlango wa bei nafuu haulipi nauli za bendi. Mwaka 2016 tamasha halikufanyika kwa kukosa fedha, likarudi 2017. Kurudi baada ya kuanguka vile, huku wafadhili wakisitasita na wasanii wakisubiri jibu, kunahitaji mtu anayepiga simu kila siku, na anayesema ukweli anapoulizwa kama pesa ipo.

Tuna vyuo vinavyofundisha udi na kanuni. Ningetamani kazi ya mwandaaji nayo ifundishwe, na Tanga, Mwanza na Kigoma ziwe na mahali ambapo kijana aliyeanza kwa kubeba spika anafundishwa kuandika mkataba, kupanga usiku mzima wa muziki, na kumlipa msanii chake kabla gari la kumrudisha uwanja wa ndege halijawashwa.