Tazama Mkia Kwanza: Namna ya Kuchagua Picha ya Tingatinga

Ukitaka kununua picha ya Tingatinga hapa Mwanza, usianze na bei, wala usimwangalie mnyama. Chui, kanga, tembo na twiga wamechorwa mara nyingi mno. Mnyama mwenyewe hakuambii lolote kuhusu mkono uliomchora. Itoe picha dukani, ishike juani, kisha tafuta mkia.

Rangi ya mafuta, ile ya makopo inayopakwa mageti na baiskeli, ni nzito na inateleza. Ukikandamiza brashi, mstari unavimba. Ukisitasita, unaacha vifundo. Fundi aliyeiva huvuta mkia kwa pumzi moja: unaanza mnene kiunoni, unakonda, unapinda, unaishia kwenye ncha kali bila kutetereka. Mwanagenzi huuunga vipande vipande. Pitisha kidole taratibu, utavihisi viungo vyake hata kama macho hayajaviona.

Ukitoka mkiani, nenda kwenye madoa. Madoa ya chui hayalingani mwili mzima: ubavuni yanatanuka, miguuni yanasinyaa, na yanapofika kwenye mgongo yanafuata mpindo wake. Mchoraji mvivu huyadonoa yote sawasawa, na chui wake anakuwa bapa kama kitambaa cha pazia. Kanga ndiye mgumu zaidi. Nukta zake nyeupe zinatakiwa zikae juu ya weusi zikiwa safi. Ukiona nyeupe imechafuka kijivu pembezoni, ujue rangi ya chini haikuachwa ikauke. Mtu alikuwa na haraka ya kuuza.

Haraka hiyo haikuanza leo. Edward Saidi Tingatinga, aliyezaliwa Tunduru mwaka 1932 na kupita kwenye mashamba ya mkonge ya Tanga kabla ya kuhamia Dar es Salaam, alianza kuchora mwaka 1968 ili apate riziki. Alitumia mbao za dari, nyingi za karibu sentimita 60 kwa 60, na picha zikauzwa nje ya duka la Morogoro Stores, Oysterbay. Aliwakusanya vijana wakajifunza kwake, wengi wao ndugu zake: January Linda, Ajaba Abdallah, Kasper Tedo, Adeusi Mandu, Omari Amonde. Simon Mpata, ndugu yake wa mama mmoja, naye akaifanya kazi hiyo. Mwaka 1972 Edward alipigwa risasi na polisi waliomdhania mhalifu. Wanafunzi wakaendelea, na mwaka 1990 kikaundwa chama cha ushirika kinachobeba jina lake.

Kwa hiyo anayeidharau picha kwa sababu "imeigwa" hajui anachokinunua. Huu ni ufundi wa ukoo, na mwanafunzi huanza kwa kumrudia mjomba. Hata Madrid ya karne ya 19 ilikuwa na ukoo wa Madrazo: José, mwanawe Federico (1815–1894) na mjukuu Raimundo, wachoraji watupu, babu na baba wote wakiwa wamewahi kuliongoza jumba la makumbusho la Prado. Lakini José alikuwa na ukavu aliousomea Paris kwa mchoraji David, na Raimundo alipaka hariri za mabibi kwa brashi nyepesi kabisa. Jina moja la ukoo, mikono tofauti. Huku kwetu, Mohamed Charinda aliupokea mtindo ule ule wa Tingatinga akaujaza visa na masimulizi ya watu, na kazi yake unaitambua hata kabla hujasoma sahihi. Jiulize basi: huyu ameongeza nini juu ya alichofundishwa?

Mwalimu wa sanaa aliyepitia Chuo cha Ualimu Butimba anaweza kulalamika kwamba hakuna kivuli, na twiga amekuwa mrefu kuliko mlima. Ni kweli, na wala si kosa. Mimi nakuwa mkali kwenye samaki tu. Mpake sangara rangi ya zambarau ukipenda, lakini pezi lake la mgongoni lina sehemu mbili, ya mbele ikiwa na miiba, na mkia wake ni wa mviringo. Sato pezi lake ni moja, limeungana toka mbele hadi nyuma. Mtu wa ziwani anayekuchorea sato mwenye mapezi ya sangara amechora kwa kukumbuka picha nyingine, hakuwahi kusimama soko la samaki la Mwaloni akatazama.

Siku hizi wengi huchora kwenye kitambaa cha marekani. Geuza nyuma: rangi isiwe imepenya, na kitambaa kiwe kimevutwa sawasawa kwenye fremu. Ukitaka kusafiri nayo, ikunje kama mkeka, upande wenye rangi ukiwa nje; usiikunje kama shati, maana rangi ya mafuta ikishakauka inapasuka kwenye mikunjo, na ufa huo hautengenezeki.

Kuhusu sahihi, tahadhari. Edward alichora kama miaka minne tu, na kazi zake zinazojulikana ziko kwenye mbao. Ukiona jina lake kwenye kitambaa kipya, na muuzaji anazo nyingine nne zinazofanana chini ya meza, lipa bei ya picha ya leo. Tena ulipe hivyo kama mkia umekuridhisha.