Neno "Mtemi": Asili Yake na Maana Zake

Miongoni mwa maneno ambayo lugha za bara zimeipa lugha ya taifa, machache yamepatwa na misukosuko kama neno "mtemi". Katika Ugogo, na kwa majirani wa magharibi, Wanyamwezi na Wasukuma, mtemi alikuwa mkuu wa nchi. Leo mwanafunzi akimwita mwenzake "mtemi", aghalabu ana maana ya mbabe anayewatisha wadogo, na vitendo vyake huitwa "utemi". Makala haya yanakusudia kuchunguza jinsi neno hili lilivyofika hapo, na kama hukumu iliyomo katika maana hiyo mpya ni ya haki.

Kwa kawaida neno hili huelezwa kuwa limetokana na kitenzi kutema, kwa maana ya kukata kwa chombo chenye makali, kama tusemavyo kutema kuni. Mzizi huu umeenea mbali katika lugha za Kibantu. Washona husema kutema kwa maana hiyo hiyo, na Wabemba wa Zambia huita chitemene kilimo chao cha kukata matawi na kuyachoma ili majivu yarutubishe shamba. Mabishano huanza tunapouliza: mtemi alikata nini? Wako wasemao kwamba alikata msitu, kwa kuwa mwanzilishi wa ukoo wa utawala ndiye aliyetangulia kufyeka pori na kuligeuza nchi ya watu. Wengine husema kwamba alikata maneno, yaani alimaliza mabishano ya wazee kwa kutoa uamuzi, kama Kiswahili kisemavyo kukata shauri. Maelezo yote mawili yanalingana na kazi za mtemi, wala moja halilifukuzi jingine.

Yafaa hapa tutazame mbali kidogo, China, ambako maandishi ya kale yanaweza kutupa funzo. Wachina wana alama moja ya kuandika neno mfalme: mistari mitatu ya ulalo iliyounganishwa na mmoja wa wima. Wao huisoma wáng, Wakorea wang, Wavietnam vương, na Wajapani ō. Kamusi ya Xu Shen, iliyokamilika karibu na mwaka 100 baada ya Kristo, ilieleza kwamba mistari ile mitatu ni mbingu, binadamu na dunia, na kwamba mfalme ndiye aviunganishaye. Maelezo hayo ni mazuri, na bila shaka yaliwafaa watawala. Lakini tangu mwaka 1899 wataalamu wamesoma maandishi ya kale zaidi, yaliyochongwa juu ya mifupa ya ng'ombe na magamba ya kobe zaidi ya miaka 3,000 iliyopita. Humo alama hiyo ina kitako kipana, na wataalamu wengi wanaona ndani yake sura ya bapa la shoka. Mifupa hiyo ilitumika kupigia ramli kwa ajili ya mfalme, na miongoni mwa mambo yaliyoulizwa mara kwa mara ni kama mvua itanyesha.

La hasha, hatusemi kwamba neno letu na alama yao vina undugu. Tunachojifunza ni kwamba maelezo yanayopendeza kuhusu asili ya neno si lazima yawe ya kweli. Tunajifunza pia kwamba majina ya utawala hushuka daraja. Mwaka 221 kabla ya Kristo mtawala wa Qin aliyeiunganisha China aliona jina wang halimtoshi, akajitungia jina kubwa zaidi. Baada ya hapo wang likawa cheo cha wana wa mfalme na watawala wa chini. Huko Japani leo, hata bingwa wa mchezo aweza kuandikiwa alama hiyo.

Mtemi naye alishushwa, ila kwa njia nyingine. Katika Ugogo, nchi ya mvua chache, mtemi alikuwa kwanza kabisa mtu wa ibada: mtunzaji wa mawe ya mvua na wa kigoda cha nchi. Katika Unyamwezi walikuwako watemi wenye majeshi, kama Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, na Isike wa Unyanyembe, aliyefariki mwaka 1893 akipigana na Wajerumani. Serikali ya Kiingereza, kwa sheria yake ya mwaka 1926 ya utawala wa wenyeji, iliwaweka wote katika fungu moja, ikawafanya wakusanya kodi na watekelezaji wa amri. Mtu aliyetazamiwa kuleta mvua akaonekana analeta karani wa kodi. Mwaka 1963 Tanganyika huru iliondoa utawala wa machifu. Neno likabaki bila kazi, na vijana wakaliokota.

Hapa pana jambo la kushangaza. Neno ikulu, ambalo kwa Wanyamwezi na Wasukuma ni makao ya mtemi, limepanda na kuwa jina la makao ya Rais. Mwaka 2023 Ikulu mpya ilizinduliwa Chamwino, katika nchi ya Wagogo. Nyumba imepandishwa cheo, mwenye nyumba ameachwa mitaani.

Je, hukumu ya vijana ni ya haki? Kwa sehemu ndiyo. Wako watemi waliotumia nguvu kupita kiasi, na historia inayowasifu wote kwa pamoja haitufai. Lakini mbabe wa shuleni hana wa kumwuliza, hali mtemi alikuwa naye. Katika Usukuma mtemi aliyeshindwa kuleta mvua aliweza kuondolewa madarakani. Ukali wa shoka lake ulikuwa na mipaka, na mipaka hiyo ndiyo iliyosahauliwa katika maana mpya.

Hapana budi, basi, walimu wasilikataze neno hili vinywani mwa wanafunzi, maana lugha haiongozwi kwa amri. Wawatume wakawaulize wazee wa Mvumi, wa Urambo na wa kwao: mtemi alifanya nini, alichaguliwa na nani, na nani aliweza kumwondoa? Majibu yaandikwe kwa Kiswahili, kila moja na mahali pake. Mwanafunzi aliyeyasikia atakuwa na neno la kumwambia yule anayejiita mtemi uwanjani: amwulize ni pori gani alilofyeka, na ni shauri gani alilokata.