Ghala la Nyimbo na Daftari Lake

Taifa linalohifadhi nyimbo zake bila kuzipanga ni kama mkulima aliyemimina mtama, mpunga na karanga katika kihenge kimoja. Mali yote imo, lakini siku ya kupanda hajui mbegu iko wapi. Tatizo hili lilikuwapo tangu zama za kanda; leo, maelfu ya nyimbo yanapoweza kuingia katika kadi ndogo kama ukucha, limezidi uzito. Watu wengi hudhani kwamba kupanga nyimbo ni kazi ya karani. Makala haya yanashikilia kuwa ni kazi ya uhakiki, kwa sababu kila anayeupa wimbo mahali pake huwa ameamua wimbo huo ni nini.

Tuutazame mfano wa Bugarama, wilayani Kahama, katika mkoa wa Shinyanga, jirani na mgodi wa dhahabu wa Bulyanhulu. Hapo, kama ilivyo katika miji mingine ya machimbo hadi Geita, wananchi hununua nyimbo vibandani, na muuzaji huzinakili kutoka katika kompyuta hadi kwenye flashi au kadi ya simu. Nyimbo za Kisukuma ni nyingi. Hata hivyo, mara nyingi hurundikwa chini ya neno moja tu, "asili", na baadhi yake hubaki na namba badala ya majina. Mnunuzi hupata sauti, lakini hapati jina la ningi, yaani mtunzi na kiongozi wa wimbo. Wala haambiwi uliimbwa wapi na kwa shughuli gani.

Lawama yote haifai kumwangukia muuzaji, maana chombo chenyewe kilikuja na masanduku yake. Mwaka 1996 ulibuniwa utaratibu uitwao ID3 wa kuandika maelezo ndani ya faili la MP3. Ulitoa nafasi ya herufi 30 kwa jina la wimbo, 30 kwa msanii, 30 kwa albamu, 4 kwa mwaka, na namba moja ya kuonyesha aina ya muziki. Orodha ya kwanza ilikuwa na aina 80. Polka ya Ulaya ilipewa namba yake. Taarabu haikuwamo, wala ngoma yoyote ya Usukumani. Matoleo ya baadaye yaliongeza nafasi, lakini mazoea ya kupanga kwa msanii, albamu na mwaka yamebaki.

Hebu tuyapime mazoea hayo kwa muziki wenyewe. Wigashe huimbwa watu wakiwa wameketi. Bugobogobo ni ngoma ya jembe. Bagika na Bagalu ni vyama viwili vya ngoma ambavyo kwa vizazi vingi vimeshindana baada ya mavuno. Katika mashindano hayo wimbo wa upande mmoja huweza kuwa jibu kwa wimbo wa upande wa pili. Ukizipanga kwa alfabeti, jibu hutengwa na swali lake, na kejeli iliyowachekesha wasikilizaji hukosa maana. Na wimbo uliozaliwa shambani, watu wakipalilia, utauandikia albamu gani?

Majina nayo yana mtihani wake. Waimbaji wengi hujulikana kwa jina linaloanza na Ng'wana, yaani mtoto wa fulani. Mmoja huandika Ng'wana, wa pili Ngwana, wa tatu Mwana. Na kwa kompyuta hao ni watu watatu. Wapo wasemao kwamba siku hizi hapana haja ya kupanga, kwa kuwa mashine hutafuta yenyewe. Hoja hiyo ni dhaifu. Mashine humsaidia anayejua jina na tahajia yake. Mjukuu asiyejua kwamba wimbo upo hatautafuta kamwe.

Wako waliopanga kwa uangalifu zaidi. Hugh Tracey alirekodi nyimbo Tanganyika mwaka 1950, zikiwamo za Wasukuma, na mwaka 1954 akaanzisha maktaba ya muziki wa Afrika huko Afrika Kusini. Aliandika lugha, waimbaji, ala na aina ya wimbo. Nidhamu hiyo yafaa kuigwa, ingawa ghala lenyewe lilikuwa mbali na waimbaji. Naye Frank Gunderson, katika kitabu chake cha mwaka 2010, alikusanya zaidi ya nyimbo 300 za kazi za Wasukuma na kuzipanga kwa kuifuata kazi yenyewe: wawindaji, wachukuzi wa misafara, wakulima. Huo ni mpangilio uliotoka ndani ya muziki, na ndiyo sifa yake kubwa. Lakini wimbo wa kulima huweza kuhamia harusini au katika mkutano wa siasa, na kitabu huupa ukurasa mmoja. Hapa kompyuta inakishinda kitabu, kwa kuwa faili moja laweza kuorodheshwa chini ya mtunzi, chama, mahali na shughuli kwa wakati mmoja.

Jambo hili linalihusu taifa zima. Radio Tanzania Dar es Salaam ilirekodi bendi na ngoma nyingi katika kanda za sumaku, na mwaka 2012 mradi wa Tanzania Heritage Project ulijitokeza kwa shabaha ya kuzihamishia katika mfumo wa dijitali. Kuhamisha kanda huiokoa sauti isiharibike. Lakini yaliyoandikwa kwenye boksi la kanda yasipohamishwa pamoja nayo, wimbo huwa umeokolewa nusu.

Kwa hiyo walimu na wanafunzi wa sekondari wana kazi ya kufanya, nayo haihitaji mtaji mkubwa. Kwa kila wimbo, daftari liandike jina la mtunzi kama yeye mwenyewe alitamkavyo, chama chake, kijiji, shughuli, tarehe ya kurekodi, jina la aliyerekodi, na maneno ya Kisukuma pamoja na maelezo yake kwa Kiswahili. Nakala mbili ziwekwe mahali pawili tofauti. Wazee wanaojua nani alimjibu nani katika mashindano ya zamani wangalipo, nao waulizwe wakati wangali na uwezo wa kujibu.