Sikio la Jikoni

Mpishi wa nyumbani huanza kazi yake sokoni, na huianza kwa sikio. Nazi huinuliwa, ikatikiswa karibu na shavu, na maji yake yakasikilizwa. Yakicheza ndani kwa mlio uliojaa, nazi ni nzima. Yasiposikika kabisa, huenda nazi ina ufa au imekwisha kuwa mbata, nayo hurudishwa kwenye fungu. Macho hayawezi kumsaidia mnunuzi hapa, maana nazi nzuri na nazi mbovu huvaa ganda lile lile.

Wali wa nazi ni kipimo kizuri cha ufundi huu. Nyumba nyingi za pwani huupika bila kungoja sikukuu, na karibu kila hatua yake ina sauti. Nazi ikishavunjwa hukunwa juu ya mbuzi, kile kigoda kifupi chenye ulimi wa chuma wenye meno. Mkono ukienda vizuri, mbuzi hutoa mkwaruzo laini wenye unyevu. Meno yanapokaribia kifuu, sauti hukauka na kupanda, na mkunaji hodari huzungusha nazi papo hapo, kabla chembe za kahawia hazijachafua weupe wa tui. Mtoto anayejifunza kukuna huambiwa asikilize kwanza. Wepesi wa mkono huja baadaye.

Nazi iliyokunwa hutiwa maji ya uvuguvugu, ikafikichwa, ikakamuliwa na kuchujwa. Mkamuo wa kwanza hutoa tui zito, ambalo huwekwa kando. Mikamuo inayofuata hutoa tui jepesi, na hilo ndilo linalotangulia chunguni pamoja na chumvi, kisha mchele. Tui lataka kuangaliwa. Ni mafuta na maji yaliyopatana kwa muda tu, na moto mkali huweza kuyatenganisha: tui likikatika, mafuta huelea juu na chini hubaki maji yenye chengachenga. Ndiyo maana mchuzi wa samaki wa nazi hukorogwa kwa upawa taratibu, bila kuachwa, mpaka utokote.

Mtu aliyefungwa na upawa hawezi kwenda popote. Mikono yake ina kazi na macho yake yana kazi, lakini akili ina nafasi, na nafasi hiyo ndiyo iliyojazwa na redio. Sauti ya Dar es Salaam ilianza kurusha matangazo mwaka 1951. Miaka michache baadaye zikaja redio ndogo za betri, ambazo hazikuhitaji umeme wa ukutani na zilienea juu ya rafu, kati ya kopo la chumvi na chupa ya mafuta. Kutoka 1965 kituo cha taifa kikaitwa Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa miongo mingi bendi za muziki wa dansi zilirekodi nyimbo zao katika studio zake. Watu wengi hawakumiliki santuri hata moja, lakini walizijua nyimbo hizo neno kwa neno, kwa sababu zilipita jikoni kwao mchana na jioni pamoja na harufu ya kitunguu.

Redio ya jikoni ina adabu yake: haipandishwi sauti ikakifunika chungu. Kitunguu kikiingia kwenye mafuta hupiga kelele kwa sababu ya maji yaliyomo ndani yake. Maji yanavyokwisha, kelele hushuka, na ukimya unaofuata ni onyo kwamba kitunguu kiko karibu kuungua. Vitumbua na maandazi hutoa habari kwa njia hiyo hiyo, kwani mchemko wa mafuta hupungua unga unapoiva. Mpishi anayeimba huku akikaanga anasikiliza mambo mawili kwa pamoja, na ustadi huo unastahili heshima kubwa kuliko inayopewa. Hauandikwi katika vitabu vya mapishi, ambavyo huhesabu dakika na vijiko.

Muziki wa dansi wenyewe umekopa neno jikoni. Wimbo wa bendi kwa kawaida huanza polepole: sehemu ya kwanza ni ya maneno, mwimbaji akisimulia kisa cha ndoa, deni au ndugu aliyesahau kwao. Kisha ngoma hushika kasi, magitaa yakajibizana na matarumbeta yakaingia, na sehemu hiyo wanamuziki huiita chemko. Jina limechaguliwa na watu waliowahi kukaa karibu na chungu. Tui na wimbo hupelekwa kwenye moto mkubwa kwa hatua, na anayeharakisha huharibu vyote viwili.

Bendi zimewahi pia kuigawa nyumba. Mlimani Park, iliyoanzishwa mwaka 1978, iliutumia mtindo wa Sikinde, jina la ngoma ya Wazaramo. NUTA Jazz, ambayo ilibadili majina mara kadhaa, ilibaki na Msondo. Ushabiki wa pande hizo mbili uliingia hadi kwenye mkeka wa chakula, baba akiwa huku na shangazi kule, na ubishi wao ulikuwa kitoweo cha pili. Hata saa ilipimwa kwa muziki. Mtoto aliyetumwa dukani kununua pilipili manga aliambiwa awe amerudi kabla wimbo haujaisha, na nyimbo hizo, kwa bahati yake, zilikuwa ndefu.

Upande wa taarabu uhusiano na jiko ni wa zamani zaidi. Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, alitoka katika familia ya wafinyanzi, na husimuliwa kwamba alipokuwa akichuuza vyungu vya kwao sauti yake ilitangulia kumfikia mnunuzi. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, na sauti iliyouza vyungu ikarudi nyumbani ndani ya sanduku la gramafoni. Taarabu humfaa mtu anayechambua mchele kwenye ungo. Fumbo lake halifunguki kwa usikivu wa mara moja. Hugeuzwageuzwa kama punje, na mara nyingi mama na binti hulifumbua kwa namna mbili tofauti, kila mmoja akijua ni jirani gani anayesemwa.

Wakati huo chungu cha wali kimefika mwisho wa safari yake. Mvumo mzito wa maji umevunjika na kuwa vishindo vidogo vidogo; ndipo tui zito humiminwa, wali ukageuzwa, ufuniko ukarudishwa na kupaliwa makaa juu, huku moto wa chini ukipunguzwa. Kinachobaki ni kusikiliza. Kwanza hakuna kitu, kisha husikika mchakato mwembamba kutoka chini kabisa: mafuta ya nazi yameanza kukaanga tabaka la mwisho. Huo ni ukoko, na watoto waliokuwa uani huwa wamekwisha kuusikia.